Tui kukatika si kosa kwenye mchuzi wa kijani wa Thailand
Baadhi ya wanaofanya kazi kwa intaneti wakiwa Chiang Mai, jiji la kaskazini mwa Thailand, hujaribu kupika mchuzi wa kijani, na tui likianza kukatika huzima jiko wakidhani limeharibika. Sivyo. Mchuzi huu unataka likatike! Chemsha mililita 250 za tui zito kwa moto wa wastani, dakika 5 hadi 8, mpaka maji yapungue na mafuta yaelee. Kaanga humo vijiko vikubwa 3 vya viungo vya mchuzi huu vilivyotwangwa (pilipili za kijani, mchaichai na kadhalika) hadi vinukie. Vikichemshwa kwenye maji tu, hubaki na ladha mbichi. Kisha tia kuku na tui jepesi. Tui la paketi lenye viambato vya kuzuia mafuta yasijitenge mara nyingi halikatiki: ongeza kijiko cha mafuta ya kula.