Muziki wa kuchagua garini ulianza kabla ya kaseti

Wengi huamini kwamba, kabla ya kaseti, dereva aliyetaka muziki alilazimika kuridhika na chochote kilichorushwa na redio. Imani hiyo si sahihi. Katika magari yake ya mwaka 1956, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kufunga chini ya dashibodi gramafoni ndogo iliyoitwa Highway Hi-Fi, kazi ya mhandisi Peter Goldmark wa maabara za CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani. Santuri zake za inchi 7 zilizunguka polepole mno, mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, hivyo upande mmoja ulibeba muziki wa dakika 45 au zaidi, na mkono wa sindano ulisawazishwa ili usirukeruke barabarani. Kwa maoni yangu, udhaifu wake mkubwa ulikuwa uchache wa santuri zenyewe, kwa kuwa zilitoka kampuni ya santuri ya Columbia tu, na santuri za kawaida za nyumbani hazikuweza kupigwa nayo. Mwenye gari alichagua, ndiyo, lakini alichagua ndani ya kabati la mtu mwingine. Kampuni ya Philips ilirekebisha hilo kwa gramafoni ya gari iliyoitwa Auto Mignon, iliyopiga santuri za kawaida za mizunguko 45 kwa dakika, kisha Ford ikaleta kanda za njia nane (kanda za muziki ndani ya kasha, zilizotangulia kaseti garini) katika magari ya mwaka 1966.