Mteja Asiyeonekana Mgonjwa: Kumpa Faraja Mwenye Ugonjwa wa Kinga Katika Masaji

"Mbona huonekani mgonjwa?" Mkandaji husema hivyo kwa nia njema, akidhani anamsifu mteja wake. Kwa mtu mwenye lupasi au baridi yabisi, maneno hayo yanatonesha kidonda cha siku nyingi.

Haya ni magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kushambulia viungo, ngozi, figo, tezi au neva. Yako zaidi ya aina 80, na wengi wanaoyaugua ni wanawake. Kwa lupasi, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Dalili huja na kuondoka, vipimo vya mwanzo huenda visioneshe kitu, na wengi huhangaika miaka kabla ugonjwa haujapewa jina. Katika miaka hiyo wameambiwa kwamba ni mawazo tu, kwamba ni wavivu, kwamba wanadeka. Kwa hiyo anayelala kwenye meza yako ana maumivu ya viungo, na juu yake ana uchungu wa kutoaminiwa. Huo wa pili ndio ulio ndani ya uwezo wako kuupunguza tangu dakika ya kwanza, kabla hata hujafungua chupa ya mafuta.

Sonona na wasiwasi huwapata watu hawa zaidi kuliko wengine, na chanzo si huzuni ya kuugua peke yake. Kemikali ambazo mwili huzalisha wakati wa uvimbe wa ndani hufika hadi kwenye ubongo, zikaleta uchovu usioisha kwa kulala na moyo mzito. Dawa nazo zina sehemu yake. Prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo wengi huitumia, inaweza kumnyima mtu usingizi, kumfanya awe mwepesi wa hasira au wa machozi, na kumjaza uso hadi asijitambue kwenye kioo. Mteja akiwa mkali leo, usidhani amekukasirikia wewe.

Tunapofundisha wakandaji, tunasisitiza maswali mawili kabla ya kila kipindi, hata kama mteja alikuja juzi: "Mwili wako leo ukoje?" na "Ni wapi hutaki niguse?" La kwanza linakiri kwamba ugonjwa huu hubadilika, bega lililotaka kukandwa wiki iliyopita leo huenda halivumilii uzito wa shuka. La pili lina thamani kubwa zaidi, kwa maoni yangu. Mwili wa mtu huyu umeacha kumtii. Hospitalini huchomwa sindano na kugeuzwageuzwa kwa ratiba ya wengine. Hapa mezani, neno lake liwe amri. Kubalianeni ishara ya mkono ya kukusimamisha, kisha akiitoa, simama papo hapo bila kumuuliza sababu. Akitaka nusu saa badala ya saa nzima, au alale ubavu badala ya kifudifudi, mpangie hivyo bila kuguna.

Iko imani kwamba masaji isiyouma haijafanya kazi. Kwa wateja hawa, tuiache. Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mguso mwepesi, wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, hasa mkono ukiwa na joto la kawaida la mwili. Mkono wako ukishuka kutoka kiwiko cha mteja hadi kwenye kifundo cha mkono wake kwa sekunde 5 hivi, uko kwenye mwendo huo. Basi pasha mikono yako kwanza, na usikimbie.

Soriasisi, ugonjwa wa kinga unaoleta mabaka kwenye ngozi, inahitaji neno la pekee. Haiambukizi. Mteja anapofunua mgongo wenye mabaka, macho yake yatakuwa usoni pako. Ukikunja uso, ukirudi nyuma hatua moja, au ukivaa glavu ghafla bila maelezo, ameshaona, na huenda asirudi tena. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Sehemu hizi nizipite, au niziguse taratibu?" Palipopasuka au panapotoa damu hapakandwi, mweleze hivyo kwa upole.

Usalama nao ni sehemu ya utulivu wa moyo. Mwenye homa, au ambaye ugonjwa wake umechachamaa na viungo vina moto na uvimbe, aahirishe na azungumze na daktari wake. Mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafla usiukande kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda, apelekwe hospitali. Mwenye baridi yabisi usimvute wala kumzungusha shingo. Steroidi za muda mrefu hudhoofisha ngozi na mifupa. Wala usimwahidi kupona, usiseme masaji itatoa sumu, na usimshauri kuacha dawa.

Wengine watalia. Acha mkono wako ulipo, utulie bila kuuondoa kwa mshtuko, kisha uliza: "Niendelee, au tupumzike kidogo?" Usichimbe sababu, usimhubirie. Kusikiliza ni kazi yako. Kutibu sonona kuna wataalamu wake, na ni vyema uwe na majina yao tayari. Akisema amechoka kuishi, usilipite neno hilo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, na msaada wa dharura utafutwe hata kama amekuomba iwe siri.

Mwisho nizungumzie miadi inayovunjwa, kwa sababu hapo ndipo wengi huwapoteza wateja hawa. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kufunga vifungo vya nguo. Anakupigia saa moja kabla, akiwa na aibu, kwa kuwa ameshawavunjia ahadi ndugu na marafiki mara nyingi. Kama unatoza anayeahirisha ghafla, mweleze utaratibu huo siku ya kwanza, na ukiweza mlegezee. Kisha mjibu: "Pole dada, pumzika. Ukipata nafuu nijulishe, tutapanga siku nyingine."