Nyambizi kwenye kompyuta: yale wachezaji wanayoyaamini, na yanayowazamisha

Silent Hunter III, mchezo wa kompyuta wa kuongoza nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia, ilitoka mwaka 2005 kutoka studio ya Ubisoft iliyoko Bucharest, Romania, na mpaka leo wapo wanaokesha nayo. UBOAT, mchezo wa studio ya Poland uliokamilika mwaka 2024, umeleta wageni wengi zaidi kwenye fani hii. Wageni hao hufika na mafunzo ya filamu: bolti zinafyatuka, jasho linawatoka watu, nahodha anabwata amri. Halafu msafara wao wa kwanza wa meli wanaoushambulia unawamaliza. Zifuatazo ni imani zinazowaponza, na nimeanza na ile inayoua kuliko zote.

Dhana: ukishagunduliwa, zima kila kitu utulie tuli.

Nyambizi iliyosimama kabisa haishiki kina. Mabapa yake ya pembeni, yanayoinua na kushusha omo na tezi, hufanya kazi pale tu maji yanapopita juu yake. Simama, nawe umeshaongezewa uzito na maji yaliyovuja ndani, utashuka polepole bila kuamua. Kimya kinachofaa ni mwendo wa noti 2 hivi (yaani maili 2 za baharini kwa saa) kwa mota za umeme, usukani ukiwa mikononi mwako.

Na kimya hicho kina bei. Katika Silent Hunter III, ukitoa amri ya mwendo wa kimya, mabaharia wanaacha kupakia torpedo, yale makombora yanayokwenda majini, na mafundi wanaacha kutengeneza kilichoharibika. Hapo ndipo tumbo linapokata: maji yanaingia, kina kinaongezeka mita kwa mita, na dawa yenyewe, yaani pampu na nyundo, ndiyo itakayomwonyesha adui ulipo. Mchezaji mgeni hung'ang'ania kimya hadi anagota chini. Mzoefu anasubiri kelele ya adui aifiche kelele yake.

Kelele hiyo inakuja kwa ratiba, na si wengi wanaoijua. Sona ya manowari za Uingereza za wakati ule, iliyoitwa Asdic, ilituma mawimbi ya sauti mbele na kushuka kidogo. Manowari inapokukaribia, pembe inazidi kuwa kali, na kwenye mita mia na hamsini, mia mbili za mwisho, wewe uliye kwenye kina umeshatoka ndani ya mwale wake. Hajui tena ulipo, anakisia. Anaangusha mabomu ya kina, mapipa yaliyojaa baruti yanayolipuka yakifika kina yalichopangiwa, na mapipa hayo yanashuka kwa mwendo wa mita 3 hivi kwa sekunde. Kama uko mita 150, una karibu sekunde 50 za kufanya unavyotaka.

Kwa hiyo, pale pangaboi za adui zinapokupitia kichwani kwa kishindo, pale ambapo kila mshipa wa mwili unakuambia usipumue, ndipo pa kuamuru mwendo wote mbele na usukani wote upande mmoja. Mabomu yakilipuka, maji yanachafuka kwa mapovu na mngurumo, na masikio ya adui yanaziba kwa muda. Washa pampu. Acha mafundi wagonge. Mngurumo ukianza kufa, rudi kwenye noti 2.

Ujanja huu unakubali kwa manowari moja. Zikiwa mbili, ya pili inakaa pembeni ikikusikiliza huku mwenzake anapita juu. Nahodha Frederic John Walker wa jeshi la majini la Uingereza aliigeuza kasoro ya Asdic kuwa mtego: meli moja ilikaa mbali na kukushika kwa sona, nyingine ikaletwa polepole juu yako bila kupiga sona yoyote, ikielekezwa na ile ya kwanza. Ukiwa mle ndani unasikia sona ya mbali tu, unajiona bado una nafasi.

Dhana: bomu la kina likilipuka karibu, umekwisha.

"Karibu" ni kiasi gani? Kupasua ubavu wa nyambizi, bomu la kawaida la Waingereza lenye kilo 130 za baruti lilihitaji kulipuka ndani ya mita 6 hivi. Likiwa mbali zaidi linavunja taa na vioo vya vipimo, linalegeza mabomba, linakutia kiwewe. Ndiyo maana takwimu za Waingereza zinaonyesha kwamba ilihitaji mashambulizi kama 60 ya mabomu ya kina kuzamisha nyambizi moja. Mchezo unaokufanya unusurike mara nyingi haukupendelei.

Silaha ya kuogopa ni Hedgehog. Inarusha vibomu 24 mbele ya meli, adui akiwa bado anakuona kwenye sona, na vinalipuka vikigusa tu. Visipogusa havitoi sauti, kwa hiyo hata maji hayachafuki, na adui hapotezi kukusikia. Kwa silaha hiyo, nyambizi moja ilizama kwa kila mashambulizi 6 hivi. Ukicheza vita vyote tangu 1939, utaona tofauti: miaka ya mwanzo unatania manowari, kufika 1943 unazikimbia.

Dhana: kadiri unavyoshuka ndivyo unavyosalimika.

Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Mwanzoni mwa vita mabomu ya Waingereza yalipangika kwa kina kisichozidi mita 150 hivi, na nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC iliweza kupita mita 200. Wajapani nao walipanga yao yalipukie juu mno, na manahodha wa Marekani walilifaidi jambo hilo hadi mwaka 1943, mbunge wao Andrew May alipolisema hadharani mbele ya waandishi wa habari. Admirali Charles Lockwood, aliyesimamia nyambizi za Marekani Pasifiki, aliamini mdomo ule uligharimu nyambizi 10 na watu 800.

Ila kila mita 10 za maji zinaongeza kilo moja ya shinikizo kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye mita 200 ubavu wako unabeba kilo 20 kwa kila sentimita. Silent Hunter III inahesabu hilo bila huruma: ubavu ukishapata majeraha, kina ulichokuwa ukikistahimili jana leo kinakuponda. Wengi hufa hivyo, baada ya adui kukata tamaa na kuondoka, kwa sababu walishuka kwa mazoea.

Halafu kuna sehemu zisizo na kina kabisa. Mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa una wastani wa mita 60 na ushei. Anayeingia humo kwa matumaini ya kuzama chini sana, ramani hakuitazama.

Dhana: nyambizi huishi chini ya maji.

Za leo, zenye nyuklia, ndiyo. VIIC ilikuwa meli ya juu ya maji yenye uwezo wa kujificha. Juu, kwa dizeli, ilikwenda noti 17. Chini, kwa betri, noti 7 na nusu kwa muda mfupi, na kwa noti 4 ilimaliza umeme baada ya maili 80 za baharini. Unayezama mapema kwa woga unauacha msafara wa meli uende zake, na ukifika usiku huna umeme wa kukimbilia.

Dhana: torpedo zako ni hatari kwa adui tu.

Kwanza, torpedo ya Kijerumani ukiifyatua karibu mno, chini ya mita 300 hivi, inagonga bila kulipuka kwa sababu haijajiandaa, na sasa adui anajua ulipo. Pili, torpedo inaweza kurudi. Oktoba 25, 1944, nyambizi ya Marekani USS Tang, ikiwa juu ya maji katika mlango wa bahari wa Taiwan, ilifyatua torpedo yake ya mwisho. Ikapinda, ikazunguka, ikaigonga Tang yenyewe. Watu 78 walikufa, 9 wakaokoka, mmoja wao nahodha Richard O'Kane.

Dhana: haya mambo ni ya Atlantiki, bahari yetu haimo.

Hii inaniudhi kidogo, maana wanaoisema ni wenzetu. Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511, wakiwemo wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliigonga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache. Waliokufa ni 1,297.

Yaliyofuata hayamo katika mchezo wowote ninaoujua. I-27 ilijificha chini, na juu yake manusura walikuwa wakielea. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zilipaswa kuchagua: kuwaacha watu hao salama na kuiacha nyambizi itafute meli nyingine nne zilizojaa askari, au kuangusha mabomu. Petard iliangusha mabomu, na baadhi ya manusura wakafa kwayo. I-27 ikalazimika kuibuka. Paladin ilijaribu kuigonga kwa mwili wake ikaishia kupasuka yenyewe. Petard ikafyatua torpedo moja baada ya nyingine, zikakosa, na ya saba ndiyo iliyoizamisha. Ni Petard hiyohiyo ambayo mwaka 1942, katika Mediterania, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa ikizama na kutoka na vitabu vya siri vya Wajerumani.

Kwa hiyo ukiwa umekaa mita 120 na unajisifu kwa ujanja wako, kumbuka kwamba juu yako pana nahodha naye anafanya hesabu, na hesabu yake inaweza kuwa mbaya kuliko yako.

Dhana: saa ikikimbizwa hakuna linaloharibika.

Safari ya wiki kadhaa haichezeki kwa saa halisi, hivyo Silent Hunter III inakuruhusu kuukimbiza muda hadi mara 1,024. Mchezo unaurudisha wenyewe mlinzi akiona kitu. Tatizo ni kile alichokiona. Kuzama kwa dharura kulichukua VIIC sekunde 30 hivi kwa mabaharia waliofunzwa vizuri, na ndege yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa inakula kilomita 2 na nusu kwa muda huo. Mchana, karibu na pwani yenye viwanja vya ndege, usizidishe mara 64. Usiku wa manane katikati ya bahari, haya, kimbiza.