Komenti kwenye asembla: yanayoaminika na yaliyo kweli

Dhana: Nukta mkato (`;`) huanzisha komenti (maelezo ya msomaji tu) kwenye asembla yoyote, yaani programu inayogeuza amri kuwa msimbo wa mashine.

Hiyo ni kawaida ya asembla za NASM na MASM, na wengi tulianzia huko. GNU as, asembla ya mradi wa GNU, hufuata aina ya prosesa: x86 hutumia `#`, ARM ya biti 32 `@`, AArch64 `//`, SPARC `!`. Kwenye x86 na ARM, kwa GNU as `;` hutenganisha amri mbili za mstari mmoja. Ukiandika kwa ARM

    mov r0, #1 ; weka moja

asembla itagoma, maana haijui amri iitwayo `weka`. Hapo una bahati. Ukiandika `; nop` (amri isiyofanya lolote), itaipokea kimya kimya na kuongeza amri ambayo hukuikusudia. Nayo `; kumbuka:` hugeuka lebo halali (jina la mahali kwenye programu), utashtuka siku utakapoirudia kwenye faili hilohilo uambiwe jina limeshatumika.

Dhana: Kuondoa komenti ni kukata mstari kuanzia alama ya kwanza.

Wanaojiundia asembla ndogo hunaswa hapa. `db "a;b", 0` (`db` huhifadhi baiti) hukatwa katikati ya nukuu, kisha lawama humwangukia mwandishi wa programu. Soma herufi moja moja ukijua uko wapi: ndani ya nukuu, nje yake, au ndani ya komenti. Pia `#` ya ARM iliyotangulia namba si komenti. Huwa komenti ikianza mstari tu. Na ukifuta `/* ... */` iliyochukua mistari kadhaa, endelea kuihesabu mistari hiyo, la sivyo ujumbe wa kosa utataja mstari usio wake.

Dhana: `.s` na `.S` ni faili za aina moja.

Kwa gcc, kompaila ya GNU, faili lenye jina linaloishia `.S` hupitia kwanza kichakataji cha awali cha C. Humo, mstari unaoanza na `# if` au `# else` huchukuliwa kuwa agizo la kichakataji hicho. Anayeandika komenti kwa Kiswahili ana nafuu kidogo: `# kama` hupita salama.

Dhana: Komenti nyingi huinenepesha programu.

Hapana. Huondolewa kabla amri hazijageuzwa kuwa msimbo wa mashine.

Dhana: Hakuna alama inayofanya kazi kwa prosesa zote.

Ndani ya GNU as ipo: `/* ... */`. Usiiweke moja ndani ya nyingine, kwa sababu `*/` ya kwanza hufunga zote. NASM haiitambui kabisa.