Mchezo wa makauboi uliozaliwa Japani

Wengi huamini kwamba Gun Fight, mchezo wa zamani wa mashine ya kutumbukiza sarafu, ulibuniwa Marekani. Si ajabu: makauboi wawili wanarushiana risasi, kati yao kuna dungusi na gari la farasi, na anayepigwa anaandikiwa Kiingereza, "GOT ME!", huku muziki wa mazishi ukilia. Nani angefikiria Japani?

Lakini ndiko ulikotoka. Ulianza huko mwaka 1975 kwa jina la Western Gun, na toleo la Marekani likafuata mwaka huohuo. Wamarekani hawakubadilisha jina tu. Mashine ya Kijapani iliendeshwa na saketi zilizounganishwa moja moja, bila prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu. Wao waliujenga upya juu ya prosesa ya 8080 ya kampuni ya Intel, ndiyo maana Gun Fight hutajwa kuwa mchezo wa kwanza wa video wa biashara kutumia prosesa. Kwa hiyo waliodhani ni wa Marekani hawakukosea kabisa; nusu ya sifa ni ya huko.

Ukitaka kuhakiki, usianzie kwenye picha za mchezo, maana sura ya hadithi haisemi fundi alikaa wapi. Tafuta mwongozo wa mafundi uliochapishwa enzi hizo, mingi imeskaniwa, kisha pitia orodha ya vipuri: 8080 imo au haimo? Halafu tazama video za matoleo yote mawili. Katika Western Gun mchezaji anaweza kuvuka upande wa mwenzake; katika Gun Fight kila mtu amefungiwa nusu yake.