Kigimbi kinachokaza ukitembea: dhana potofu kuhusu mafuta kwenye damu na mishipa ya miguu

"Ni uzee tu, au baridi yabisi."
Angalia maumivu yanavyokuja. Mtu anatembea, baada ya umbali uleule kigimbi kinakaza hadi asimame. Akipumzika dakika chache kinaachia, akiendelea kinarudi. Maumivu ya viungo kwa kawaida hayana mpangilio huo. Hapo shuku ateri za mguu, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni: mafuta yameganda kwenye kuta zake, damu haitoshi misuli inapofanya kazi. Kipimo chake ni rahisi, na inasikitisha kwamba hakifanywi mara nyingi: presha hupimwa mkononi na kwenye kifundo cha mguu, kisha ya mguu hugawanywa kwa ya mkono. Jibu likiwa 0.90 au chini, ateri zimepungua njia. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu jibu linaweza kudanganya, maana ateri zake huwa ngumu. Huyo apimwe pia presha ya kidole gumba cha mguu.

"Kolesteroli ni ya wanene."
Sehemu kubwa ya kolesteroli, yaani mafuta hayo ya kwenye damu, hutengenezwa na ini, na wapo wembamba walioirithi ikiwa juu tangu utotoni. Haiumi wala haileti kizunguzungu. Utaijua kwa kupima damu tu.

"Mafuta yaliyoandikwa 'hayana kolesteroli' hayana shida."
Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana. Lakini ya nazi na ya mawese yana mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, LDL.

"Kitunguu saumu na ndimu huzibua mishipa."
Hakuna juisi inayoyeyusha utando ulioganda ndani ya ateri. Dawa za statini hushusha LDL na kupunguza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, ambavyo huwaua wagonjwa hawa wengi kuliko mguu wenyewe. Usiziache kwa sababu majibu yamekuwa mazuri. Yamekuwa mazuri kwa sababu unazimeza. Na sigara iachwe kabisa.

"Mguu ukiuma, usitembee."
Kama hakuna kidonda wala maumivu ya usiku, tembea hadi mguu uanze kuuma, pumzika, endelea, dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu wengi hufika mbali zaidi. Ila kidole kilichobadilika rangi, kidonda kisichopona, au mguu uliokuwa wa baridi ghafla na kuuma sana, huo ni wa hospitali leo hii. Usiukande kwa maji ya moto: mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.