Embe la kula mwenyewe nalo linataka cheti

Msimu wa maembe ukianza tu, swali ni lile lile: "Mimi si mfanyabiashara, nampelekea dada yangu aliye Napoli, Italia, maembe manne. Cheti cha nini?" Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naliandika, pamoja na madai mengine ninayoyasikia.

"Matunda ya kula mwenyewe yamesamehewa." Hayajasamehewa. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda lisilosindikwa linaloingia kutoka kwetu Kenya, liwe ndani ya kontena au ndani ya begi la abiria. Yenye msamaha ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe halimo. Pera halimo. Parachichi halimo pia, na tafadhali usiniambie kwamba binamu yako alipita nalo mwaka juzi. Kutokaguliwa si kusamehewa.

Watu hudhani msamaha unategemea uzito wa mzigo. Nzi wa matunda hajui kilo. Huyu tunayemhangaikia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai chini yake. Kwa nje huoni ila kitone, pengine na utomvu ulioganda pembeni. Baada ya siku moja au mbili mayai yanaanguliwa na funza wanaanza kula. Embe linafika Napoli linanukia vizuri, dada analikata, anashtuka, analitupa nyuma ya nyumba. Funza wanaingia udongoni, wanageuka pupa, kisha nzi. Hayo si maneno ya kutishia watoto: mwaka 2018 mitego ilimnasa nzi huyu huyu Campania, mkoa wenye mji wa Napoli. Kenya nayo ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa ajili yake, na safari hazikurejea hadi 2021. Miaka saba, halafu mtu ananibembeleza kwa sababu ya maembe manne!

Mpelekee dada yaliyokaushwa. Hayo hayadaiwi cheti hicho, na begi linakuwa jepesi.

"Yamechovywa maji moto, basi hayakaguliwi." Maji ya nyuzi 46 na ushei, kwa zaidi ya saa moja, huua mayai na funza. (Dakika kumi ni kuyaosha tu.) Lakini uchovyaji huo huandikwa kwenye cheti, haukiondoi cheti.

"Embe lolote la Makueni linapita." Kinachotazamwa ni shamba lililosajiliwa na rekodi za mitego yake, wiki baada ya wiki. Jina la kaunti halipitishi kitu. Ukijazia kreti kwa maembe ya jirani asiyesajiliwa, umejiharibia.

"Nimetundika mtego, kazi imekwisha." Chambo cha methili eujeno, kemikali yenye harufu inayowekwa mtegoni, huvuta madume. Majike wanaendelea kutaga juu ya kichwa chako. Hapa ndipo ninapogombana na wakulima kila msimu: okota maembe yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, uyafukie nusu mita kwenda chini. Lundo chini ya mti ni kiwanda cha nzi. Na embe lenye kitone usilifute likang'ae ukalichomeka katikati ya kreti, kwa maana mkaguzi hulipasua kwa kisu, na akikuta funza mmoja shehena nzima haiondoki.